Mpishi Aonje Kwanza

Mara ya kwanza baba yangu kunitaka nionje chakula chake ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, ugali ukiwa bado unafuka mvuke na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nimeitia mafuta ya mawese kama anavyoipenda. Nilimwekea sahani, nikamnawisha mikono, nikageuka kwenda kuchukua chumvi. Nikamsikia nyuma yangu:

"Onja kwanza."

Nilidhani anataka kuniambia mboga haina chumvi. Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo naifuata. Akatikisa kichwa.

"Onja mbele yangu. Weye njo umepika," akasema, yaani mimi ndiye mpishi.

Kwa mtu asiyetoka kwetu, Kivu ya Kusini, hilo laweza kuonekana jambo dogo. Si dogo. Kwetu, anayemletea mgeni kinywaji hunywa yeye kwanza funda moja, mgeni akiona, ndipo anampa kikombe. Ni adabu, na kila mtu anajua adabu hiyo ilizaliwa na nini. Kuna sumu tunayoiita karuho, ambayo watu husema haiui siku ile ile. Inamla mtu polepole, nyama inakwisha, mifupa inatokeza, mpaka anabaki ngozi na macho. Mimi sijawahi kuiona, lakini nimekua nikiviogopa vikombe vya watu. Ila adabu hiyo ni ya mgeni. Mtoto kumwonjea baba yake chakula cha kila siku, ndani ya nyumba moja, sikuwahi kulisikia. Ni sawa na kuambiwa uchawi wako umejulikana.

Nikaonja. Nilikata tonge, nikachovya kwenye sombe, nikatafuna huku nimemkazia macho. Alisubiri mpaka nimeze. Kisha akala kidogo tu, akasukuma sahani.

Tuseme kweli, baba alikuwa amekwisha. Huyu ni mtu aliyechunga ng'ombe kwenye milima ya kwetu na kubeba ndama begani pale mto ulipojaa. Hata tulipokimbia vita tukafika hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, akiwa na mvi tayari, ni yeye aliyefyatua matofali ya nyumba yangu. Mama alipofariki akahamia kwangu, na tangu hapo mwili ukaanza kumtoroka. Suruali zake zote zikawa za mtu mwingine. Mapaja yalinywea hata magoti yakaonekana makubwa. Kuinuka kitini ilikuwa lazima ashike mwimo wa mlango. Chupa ya soda alinipa mimi niifungue, akijifanya ananikaribisha nianze, na mimi nikajifanya sijaona.

Nasi tulimheshimu, tena sana. Jembe tulimnyang'anya. Jerikani la maji tukamkataza kulishika, kwa sababu kwetu mzee anayebeba maji ni aibu ya watoto wake, na wamama wa kanisa hawakosi kukuuliza juu yake. Tukamweka mlangoni na fimbo yake na redio, watu wapite wamsalimie. Alikaa hapo tangu chai ya asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani.

Sitajifanya kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe. Mimi pia nilikuwa na mtu wangu wa kumshuku. Jirani yetu ni Mrundi, mjane, Mkatoliki ambaye rozari haimtoki shingoni, na alikuwa na tabia ya kumletea baba maharagwe yaliyopikwa na ndizi, kwenye bakuli lililofunikwa, bila kualikwa na mtu. Anakaa naye, wanacheka. Nilijiuliza, mtu ana njaa zake kama sisi sote, analisha baba wa mwenzake kwa sababu gani? Nilikuwa nafunua lile bakuli na kunusa. Siku moja nilichota kijiko nikampa kuku, nikakaa namwangalia kuku huyo mchana kutwa badala ya kwenda kuuza dagaa zangu sokoni. Kesho yake kuku akataga.

Sasa elewa uchungu wangu. Maharagwe ya jirani baba aliyala bila swali. Cha kwangu ndicho kilichoonjwa. Nilivumilia kwa muda, halafu nikashindwa, nikamuuliza kwa nini.

"Ule si ndugu," alisema. "Atapata faida gani? Karuho haitokake mbali. Inatokaka mu nyumba, kwa mwenye kushika mwiko. Ile siku nilikuja kwako nilikuwa na nguvu. Sasa angalia mikono yangu."

Alininyooshea mikono. Ilikuwa myembamba na ngozi ilining'inia pale zamani palipokuwa na nyama. Kwamba nilimpikia kila siku, ni kweli. Kwamba alianza kukonda akiwa kwangu, ni kweli vile vile. Hata mimi ningekuwa ndiye yeye, ningemshuku binti huyu.

Kilichonichoma zaidi ni neno moja. Tangu utoto wangu baba aliniita mama, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao. Mama, njoo. Mama, umelala? Tangu Jumapili ile akaacha. Nikawa weye.

Niliogopa kitu kimoja, na nakisema wazi. Kufa atakufa, yeye ni mzee, na mimi si mtoto wa kudanganywa. Niliogopa afe akiamini mimi ndiye niliyemuua. Kwa mtu wa kwetu hakuna mzigo mkubwa kuliko huo, na hautui hata baada ya mazishi.

Siku moja nilikwenda mji mdogo wa Rwekubo kuchukua dagaa za kuuza, naye akataka kunifuata ili anyooshe macho. Tulipofika tukakuta watu wamezunguka gari dogo lenye kipaza sauti. Mwanamume mmoja aliyevaa koti jeupe alikuwa ameshika panga lililoshika kutu, analionyesha huku na huku. Alipomwona baba alifurahi kama aliyemwona mteja wake wa siku zote.

"Mzee, tazama panga hii! Mwili yako iko hivi hivi ndani. Ile hewa nakula chuma, nakula na nyama ya mtu. Wewe nazeeka sababu ya kutu! Hii dawa natoa kutu yote. Siku kidogo tu, wewe nabeba gunia!"

Nilimtazama vizuri. Koti lilikuwa na doa la mchuzi kifuani. Tumbo lake lilitangulia mbele, na nikajiuliza yeye mwenyewe mara ya mwisho alibeba gunia lini. Nikamuuliza ni nani aliyeipima hiyo dawa yake. Akaongeza sauti ya kipaza. Nikamshika baba mkono, tukaondoka.

Tulirudi nyumbani kwa pikipiki. Tuliposhuka baba akasema, bila hasira, na hapo ndipo iliniuma:

"Umekatala kuniuzia dawa mbele ya batu. Ungetaka nipone, ungeiuza."

Kwetu kuuza na kununua tunavisema kwa neno lile lile, basi nilimwelewa vizuri mno. Nikamwambia yule ni tapeli, anazungumza habari za panga, si za mtu. Akasema panga alikuwa amelielewa. Alilokuwa anajiuliza ni hili:

"Kutu haikujaka yenyewe. Kuko mwenye kumwanga maji."

Haukupita muda nikarudi kutoka sokoni mchana, nikakuta kiti mlangoni hakina mtu. Redio inaongea peke yake. Nilimwita, nikazunguka nyumba, nikaenda chooni. Jirani yangu akatoka kwake akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Dada, mzee amepanda pikipiki, amekwenda Ngarama. Kuna mtu kule anatapisha watu karuho. Nilimwambia asiende, akanijibu nisimwambie mtu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Si nakwambia sasa?"

Nilimtazama nikifikiri: wewe ndiye uliyemtuma. Sikulisema, lakini alilisoma usoni mwangu, kwani alirudi ndani bila kuniaga.

Walimrudisha jioni, ameegemea mgongo wa dereva, miguu inaburuta. Alikuwa ametapishwa mpaka akabaki na nyongo tupu. Tulipomkalisha kitandani alitoa mfuko wa plastiki mfukoni, akaufungua polepole. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kikavu, cha ukubwa wa kidole gumba. Mtu wa Ngarama alikuwa amemwambia kimetoka tumboni mwake.

"Unakijua?" akaniuliza.

Kwa macho yangu kilikuwa kipande cha ndizi iliyoungua. Lakini baba hakuwa akikitazama. Alikuwa ananitazama mimi, aone uso wangu utakuwaje nikikiona. Nilikasirika. Nikamwambia, "Papa, ningetaka ufe ningekuacha nyumbani siku ile ya vita," nikatoka nje, nikalia nyuma ya banda la kuku. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi alianguka hapo hapo mlangoni. Hakuvunjika, lakini hakuweza kuinuka, na mimi peke yangu nilishindwa kumshika vizuri mikononi. Jirani akaja mbio, pamoja na kununa kwake. Tulimwinua, na uzito wake ukanitisha kuliko maneno yake yote. Alikuwa mwepesi mno kwa mtu wa kimo chake. Nikasema leo leo tunakwenda kwa daktari, mjini Mbarara. Baba akakubali kwa sharti moja: jirani awepo. Hakutaka kuwa peke yake nami.

Basi tukaenda watatu, mgonjwa, mshukiwa na shahidi mwenye rozari.

Kliniki ilikuwa upande wa Kakiika. Daktari alikuwa mwanamke wa Kinyankore, mwenyeji wa huko, mtu mzima, sauti ya chini. Kabla hajauliza lolote baba alimwambia kwa Kiswahili chake, kwa heshima yote, huku akininyooshea kidole:

"Dokta, uyu binti yangu ananikulishaka karuho."

Nilitamani sakafu inimeze. Jirani akashika rozari. Daktari hakucheka wala hakunitazama vibaya. Alimuuliza karuho inafanya nini, akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika. Kisha akamtoa damu, akampiga picha ya kifua, akapima sukari, ini na figo. Akampa chuma chenye saa ndogo akibane kwa mkono wake wenye nguvu. Mshale ulisogea kidogo tu. Akamwambia akunje mikono kifuani na asimame kutoka kitini. Baba akajaribu, akajaribu tena, akabaki ameketi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaona haya.

Majibu yalipotoka mchana, tuliitwa tena.

"Mzee, mimi natafuta sumu, sioni," alisema daktari. "Natafuta kifua kikuu, sioni. Sukari iko muzuri. Shida iko kwa nyama ya mwili. Nazeeka, napungua."

Nikamuuliza inapungua kwa nini, maana hata mimi sikutaka kurudi nyumbani na neno moja la "uzee". Uzee kila mtu anao na si kila mtu anakwisha hivyo. Akaniuliza kama napikia kuni. Nikamwambia ndiyo. Basi, akasema, ndani ya nyama ya mtu kuna meko madogo sana, hata macho hayawezi kuyaona. Chakula ndiyo kuni zake, na hewa tunayovuta ndiyo inayowasha moto. Moto huo ndio nguvu ya kuinua jerikani. Lakini hakuna moto usio na moshi. Mwili wa kijana una wafagiaji wake, wanaufagia moshi huo kila saa. Mwili wa mzee wafagiaji wake wamechoka, masizi yanajaa, yanaharibu meko yenyewe, na meko yakiharibika yanatoa moshi zaidi na nguvu kidogo. Nyama inayokosa moto inanywea.

Nilipata wazo, na halikunifurahisha. "Kwa hiyo yule wa Rwekubo na panga lake alisema kweli?"

"Nusu," alisema. "Kutu, moshi, ni jambo moja. Lakini hiyo dawa yake hapana rudisha nyama ya mzee. Watu nameza mingi, miguu nabaki vile vile."

Halafu akaeleza jambo ambalo nilimwomba alirudie, kwa vile lilinishangaza. Moshi kidogo ni mzuri. Mtu anapofanya kazi, moto unawaka zaidi, moshi unapanda, na ndio unaowaamsha wafagiaji. Ukijaza tumbo dawa za kuzima moshi wote, wafagiaji wanaweza kuendelea kulala. Aliongeza kwamba hata wao madaktari hawajui yote, na kwamba mzee wa namna hii ana sababu nyingi kwa pamoja: homoni, mishipa, chakula, kukaa. Nilimwamini zaidi kwa kule kusema hajui. Yule mwenye kipaza alijua kila kitu.

"Nani nachota maji kwa nyumba?" akaniuliza.

"Mimi."

"Na kulima?"

"Mimi."

"Mzee nafanya nini?"

"Anakaa. Tunamheshimu."

Akaweka kalamu mezani. "Hiyo heshima ndiyo nakula yeye mguu."

Baba aligeuka kunitazama, na nakuapia, uso wake uling'aa. Njia nzima ya kurudi alikuwa mwenye furaha. Tulipofika Rwekubo alimgusa jirani begani.

"Umesikia dokta? Nilisemaka inatokaka mu nyumba."

Jirani alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naminya paja langu chini ya kitenge, kwani daktari alisema pia kwamba nyama haingoji mvi ndipo ianze kupungua.

Ungedhani hapo mashaka yalikwisha. Hayakwisha. Karuho, baba alisema, haionekanake mu mashini. Aliendelea kuniambia nionje, na mimi nikaendelea kuonja: yai, maharagwe, dagaa, maziwa, kila kitu ambacho daktari alituagiza. Lakini kazi aliielewa mara moja. Kazi haihitaji imani. Asubuhi aliketi kitini akakunja mikono na kusimama, akakaa, akasimama, mwanzoni akishika mlango, akitukana kwa lugha ya ng'ombe wake wa zamani. Nikampa jerikani dogo, maji kidogo ndani. Baadaye nikaongeza. Akaidai na bustani ya nyuma ya nyumba, akaanza kuipalilia kwa jembe lililokatwa mpini.

Watu wakaona. Mtaani kwetu kila mtu anaona kila kitu. Wamama wa kanisa letu walimkuta njiani na jerikani lake na wakamnyang'anya walibebe wao. Akakataa kwa ugomvi. Basi maneno yakaanza kunizunguka sokoni. Kwanza alimkondesha, sasa anamfanyisha kazi, anataka kummaliza kabisa. Mwanamke mmoja ambaye siku zote hununua kwangu alipita na kikapu kitupu hadi meza ya mbele. Nilikuwa nikimpikia baba vizuri kuliko wakati wowote, na sijawahi kuonekana mchawi kama wakati huo. Usiniulize kama nililala vizuri.

Wale wamama waliniletea taarifa kwamba watakuja kumwombea mzee. Nilijua wanakuja kumwombea nani. Walikuja baada ya mavuno ya maharagwe, wakaketi kwenye mkeka na viti vya kuazima, nguo nyeupe, Biblia mapajani. Jirani yangu wa rozari naye aliingia, akakaa pembeni karibu na mlango. Waliomba kwa muda mrefu, na katika maombi yao kulikuwa na "mkono wa siri" na "adui wa ndani ya nyumba", macho yamefumbwa lakini vichwa vimeelekea jikoni.

Kisha nikaleta chai ya maziwa. Vikombe vilikuwa kwenye sinia, na nilipoiweka chini, mazungumzo yakakatika. Hakuna mkono ulionyooshwa. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Hao ni wageni, na kuonja ni haki yao. Lakini jinsi walivyokuwa wananitazama, hata funda langu lisingewatosha. Niliinamia kikombe cha kwanza na machozi yakanijia kwa hasira.

Nikasikia kiti kikilia. Baba alikuwa amekunja mikono kifuani. Akasimama. Hakushika mlango wala fimbo, wala mtu. Alipanda taratibu mpaka akanyooka, nao wamama wote wakamtazama juu. Akaja mpaka kwenye sinia, akainama, akachukua kikombe kile nilichokuwa nakigusa, akanywa. Si funda. Alikunywa nusu.

"Nimekwisha onja," akasema. "Miguu hii munaiona ni chakula ya uyu. Kunyweni."

Wakanyoosha mikono, mmoja mmoja. Jirani alikuwa wa kwanza.

Baba akanigeukia, akaninyooshea kikombe chake kilichobaki nusu.

"Na weye kunywa, mama."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kabla sijakipeleka mdomoni nilitazama ndani yake, mpaka chini. Sijui kwa nini. Ni mazoea ya kwetu, na nilikuwa nimeishi nayo muda mrefu. Nilipoinua macho nikakuta ananitazama, ameniona, na akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani cha milimani, mpaka wamama wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Nikanywa.